Mwaka Bibi Alipopata Chaguo la Kwanza

Siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu Zuhura, wanaume waliokaa kwenye jamvi nje ya nyumba ya mama walikuwa wanabishana kwa sauti ya chini. Nilikuwa napita na birika la kahawa. Nilidhani wanapanga hitima, maana ndiyo mambo ambayo wanaume hunong'onezana msibani. Nilipoinama kummiminia Mjomba Salehe, nikamsikia anamwambia mzee Masanja, "Mikono mirefu anayo, lakini pasi hana. Atakayemchukua wa kwanza atajuta." Masanja akajibu kwamba huyo huyo ndiye atachukuliwa wa kwanza, Mjomba apende asipende, na kwamba timu ya Mjomba safari hii nayo itaangukia nafasi ya nne kama ilivyo desturi yake. Kisha wakaniona. Wakainamia vikombe kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni. Mjomba akasema, "Tusamehe, mama. Tumejisahau."

Niliwaambia waendelee, na sikusema hivyo kwa adabu tu. Kwa siku tatu watu walikuwa wameniambia kwamba Zuhura alikuwa mpole, mcha Mungu, mwenye subira. Yote hayo ni kweli kiasi, lakini sikumwona dada yangu ndani yake. Nilimwona pale kwenye jamvi, katikati ya mikono mirefu na pasi. Nilirudi jikoni, nikakaa juu ya kinu kilicholazwa, na nikakumbuka mwaka ule ambao nilifanya kila nililoweza ili asichukuliwe.

Sisi tuliokua Morogoro wakati simu yenye intaneti ilikuwa moja kwa mtaa mzima tulijua kwamba mpira ni wa miguu, basi. Kibanda cha Mjomba kilikuwa nchi nyingine. Mjomba alikuwa fundi viatu, na mpira wa kikapu aliujulia kwenye viatu. Vijana waliocheza kwenye kiwanja cha shule nyuma ya soko walimletea raba za mitumba zilizoachama, na ndani ya ulimi wa raba hizo mara nyingi alikuta jina la mtu au namba. Akaanza kuuliza huyu ni nani. Akaambiwa. Akauliza tena, anachezea wapi, ana urefu gani, mbona kisigino chake kimelika upande mmoja. Mpaka mimi napata akili, alikuwa anaijua ligi ya Marekani kuliko alivyowajua majirani zake.

Kila siku baada ya shule nilikaa pale kumsubiri mama afunge meza yake ya nyanya. Nilikaa chini, juu ya furushi la mabaki ya ngozi, harufu ya gundi ikinijaa puani mpaka nahisi kichwa chepesi, na nikasikiliza. Sikuwa msemaji. Watu wengi mtaani walidhani nina matatizo ya masikio. Zuhura yeye hakukaa. Alikuwa kiwanjani, msichana pekee kati ya wavulana. Alinizidi miaka minne, na alikuwa mrefu kiasi kwamba mama alifumua upindo wa sketi yake mwaka hadi mwaka mpaka upindo ukaisha. Usiku tulilala kitanda kimoja, na miguu yake ilitokeza nje ya shuka huku mimi nimejikunja mgongoni mwake kama kiroboto. Mjomba alikuwa akimwona anapita na mpira, anaweka chini msharasi wake wa kushonea, anasema, "Urefu haufundishwi."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake, na ndilo lililomchokoza Masanja kila siku. Masanja aliuza mchele wa Dakawa kwenye kibanda cha pili. Alikuwa Msukuma, kwa hiyo mtani wetu sisi Waluguru, na alichosema kwetu hakikuwa na kesi. Alimwambia Mjomba kwamba mlingoti wa bendera nao ni mrefu, mbona hauchezi? Alisema Waluguru wanapenda warefu kwa sababu hawana, wamekaa juu ya mlima miaka yote wakadhani ule ni urefu wao. Mjomba alimjibu kwamba Msukuma haoni mchezaji, anaona ng'ombe, ndiyo maana kila kijana anataka kwanza ampime shingo.

Msimu wa ligi ulipoisha ndipo mabishano yalipokolea, jambo ambalo sikulielewa mwanzoni. Mchezo umekwisha, wanabishania nini? Walikuwa wanabishania vijana ambao bado hawajaingia. Jambo hilo waliliita drafti. Mimi drafti niliyoijua ilikuwa ile ya vizibo vya soda, kwa hiyo Mjomba alinieleza taratibu: kila mwaka wanakuja vijana wapya, na timu zinawachagua mmoja mmoja kwa zamu, na kijana haulizwi anataka kwenda wapi. Mwaka ule alikuwapo mmoja mrefu sana, wa mashoto, ambaye Mjomba alimpenda kama mtoto wake. Lakini goti lake la kushoto lilikuwa na mashaka. Masanja alimtaka mwingine, mfupi, mwenye macho ya kuona pasi kabla haijatokea. Wiki nzima ilikwenda kwenye goti lile. Masanja alisema litammaliza ndani ya msimu mmoja. Alisema kijana mwenyewe kwenye ulinzi ni mzembe, na kwamba timu kadhaa zimeshampima zikamwogopa. Mjomba alitetea goti la mtu ambaye hajawahi kumwona kwa uchungu kana kwamba ni yeye aliyelishona.

Timu ya Mjomba, ya fulana za kijani, ilikuwa imefungwa kuliko timu zote. Masanja aliomboleza kwa dhihaka. Mjomba akasema ndiyo vizuri, kwa sababu mnyonge ndiye anayepewa nafasi kubwa ya kuchagua wa kwanza. Hapo Masanja akadai kwamba basi kuna timu zinafungwa makusudi, zinajitia unyonge ili zipewe kijana bora. Mjomba alikataa katakata. Hakuamini kwamba kuna mtu mzima anaweza kujiangusha mbele ya watu ili ahurumiwe. Kisha akachukua kopo tupu la dawa ya viatu, akaomba maharage kwa mama muuza nafaka, akanionyesha bahati nasibu yao inavyokwenda. Kila timu mbovu ina aina yake ya punje. Iliyo mbovu zaidi inatiwa punje nyingi, ya pili pungufu kidogo, hivyo hivyo mpaka ile yenye punje moja. Unatikisa. Unachomoa bila kuangalia. Nilichomoa mimi, mara nyingi, na mara nyingi ilitoka ya Mjomba, lakini si kila mara.

Watu wazima wawili waliishi kwa kubishania kama utaratibu ule ni wa haki. Mimi mtoto wa miaka minane niliuelewa palepale, kwa sababu ndivyo ukoo wetu ulivyofanya. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Bibi mzaa mama akibaki peke yake nyumbani, anayo haki ya kuchagua mmoja kati ya watoto wa binti zake aende akaishi naye, na hakuna wa kumkatalia. Asiye na mtu ndiye anachagua kwanza. Niliona Wamarekani nao ni Waluguru.

Siku ya bahati nasibu yenyewe Mjomba alipata matokeo asubuhi kwenye simu. Timu yake mbovu kuliko zote ilikuwa imeangukia nafasi ya nne. Alikaa na kiatu kimoja mkononi mpaka saa nne. Masanja, ambaye nilidhani angemcheka, alimletea chai na kitumbua, akamsubiri amalize kula. Ndipo akasema, "Mlima wenu umeteleza." Mimi nililoliweka moyoni siku ile ni moja tu: mnyonge anaweza kukosa.

Nililihitaji haraka kuliko nilivyofikiri. Muda mfupi baadaye ikaja habari kutoka Kinole. Binamu yetu mkubwa, aliyekuwa akiishi na Bibi huko mlimani, alikuwa ameolewa. Bibi alikuwa peke yake, na mguu wake ulikuwa unamsumbua. Shule zikifungwa Mjomba awapandishe wajukuu awaone, achague. Mama alisikia, akaendelea kuchambua mchicha, lakini aliutupa mchicha akabakiza vijiti. Baba, ambaye tulikuwa wake kwa jina na wa ukoo wa mama kwa mambo mengine yote, alipewa taarifa kama mtu anavyopewa taarifa kwamba mvua imenyesha.

Siku iliyofuata Mjomba na Masanja walifanya walichofanya siku zote. Walitupima. Nilikuwa palepale chini, juu ya ngozi, na sidhani walikumbuka kwamba nina masikio. Tulikuwa watatu: Zuhura, mimi, na Shabani, mtoto wa mama mdogo. Masanja alisema Shabani ana nguvu lakini anakula mazao yote kabla hayajafika sokoni. Kuhusu Zuhura hawakubishana, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwaona hawabishani. Mrefu, mwepesi, anabeba ndoo mbili bila kumwaga, anaamka kabla ya jogoo. Chaguo la kwanza, wakasema wote wawili. Kisha Masanja akauliza, na yule mdogo asiyesema? Mjomba alifikiri. "Huyo ni wa kusubiri," akasema.

Sikuumia kwa lile la kusubiri. Nilikuwa nimeshazoea kuachwa mwisho hata kwenye kombolela. Kilichoniogopesha ni hesabu yenyewe. Bora anakwenda kwa mnyonge, Bibi ni mnyonge, bora ni Zuhura. Nililala usiku ule nimeshika kiuno cha dada yangu kwa mikono miwili, akaniuliza kama nina homa. Asubuhi nilikuwa na mpango. Nilijua kitu kimoja tu ambacho kinaweza kumfanya mtu amwogope kijana mrefu.

Tulipanda Kinole kwa fuso lililokuwa linafuata ndizi, tumekaa juu ya magunia matupu, Mjomba mbele na dereva. Kwa mtu wa mjini kama mimi ule ulikuwa ulimwengu mwingine: ukungu unaoingia mdomoni, michungwa imesimama kwenye miteremko ambayo hata mbuzi angefikiri mara mbili, harufu ya mdalasini mbichi kila gari linapokwangua tawi. Tulishuka, tukapanda kwa miguu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni ameegemea fimbo. Tulimwamkia shikamoo kwa zamu, akatuitikia, akamsemesha Mjomba kwa Kiluguru, na akaingia ndani anachechemea, mkono kiunoni, kila hatua ikitoka na mguno. Mjomba alitikisa kichwa kwa huruma. Kweli huyu ni timu ya mwisho, nikasema moyoni.

Alitupa kazi. Zuhura alitumwa maji kwenye chemchemi, Shabani kupasua kuni, mimi nikaambiwa nikachukue ungo nyuma ya nyumba. Nilihangaika kuutafuta, ndipo nilipomwona Bibi. Alikuwa ameshuka kumwonyesha Zuhura njia ya chemchemi, na sasa alikuwa anapanda mteremko na mkungu mzima wa ndizi kichwani, fimbo haipo, mkono haupo kiunoni, anakwenda kama mtu anayewahi harusi. Alipofika juu akautua, akageuka, akaniona. Tukatazamana. Akashika kiuno. Nikakumbuka maneno ya Masanja, na nikajua kwamba alikuwa sahihi: wapo wanaofungwa makusudi.

Nililelewa nisiseme mambo ya wakubwa, kwa hiyo sikusema. Nilikaa naye barazani tukaanza kuchambua iliki kwenye ungo. Zuhura alikuwa anarudi kutoka chemchemini na ndoo kichwani, na Bibi alikuwa anamtazama kwa macho ambayo niliyajua. Mjomba alikuwa nayo akiangalia raba nzuri. Nikaona muda unaniishia.

"Bibi," nikasema, "Zuhura ana goti bovu."

"Goti lipi?"

"La kushoto. Linaweza kummaliza ndani ya msimu mmoja."

Bibi akaacha iliki. "Msimu wa nini, wa mahindi?"

Hilo sikuwa nimejiandaa nalo, nikaliruka. Nikamwambia kwenye ulinzi Zuhura ni mzembe. Nikamwambia mpira akishaupata hatoi pasi. Nikamwambia, na hapa nilishusha sauti kama alivyokuwa anaishusha Masanja, kwamba timu kadhaa zimeshampima zikamwogopa. Sikumbuki kama nimewahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo kabla ya siku ile. Yalitoka yote, mikono mirefu, kisigino kilicholika, mpaka mlingoti wa bendera nikauingiza. Bibi alisikiliza hadi mwisho, mdomo umekaza. Kisha akaniuliza, "Na wewe mwenyewe je?"

Nilikuwa mtoto mkweli pale ambapo uongo haukuhitajika. "Mimi ni wa kusubiri," nikasema.

Bibi alicheka mpaka ungo ukamtoka mapajani na iliki zikamwagika baraza zima. Alicheka kwa kupiga paja, akapumzika, akanitazama, akaanza tena. Zuhura alitua ndoo akauliza kuna nini. Tulipiga magoti wote watatu kuokota iliki, na Bibi alikuwa bado anafuta macho kwa ncha ya kanga.

Tulipokwisha kula mchana, Mjomba aliuliza rasmi. Alikuwa amesimama, amevaa kofia yake, maana lile lilikuwa neno la ukoo. Bibi alinyoosha kidole, na kidole hakikwenda juu alipokuwa Zuhura. Kilikuja chini.

"Huyu mdogo."

Mjomba alinitazama, akamtazama Zuhura, akamtazama mama yake. Alikuwa na uso ule ule wa asubuhi ya nafasi ya nne. "Mama," akasema taratibu, kama mtu anayeeleza sheria, "wewe una chaguo la kwanza."

"Ndiyo maana nachagua."

Akajaribu kumweleza juu ya maji, kuni, shamba la mteremkoni. Bibi akasema kazi anaiweza. Anachokosa ni mtu wa kumsemesha jioni ikiingia. Mjomba akauliza, na mguu? Bibi akasema mguu umepata nafuu tangu asubuhi. Alisema hivyo bila kunitazama. Mjomba akabakiwa na silaha moja ya mwisho, ambayo aliitoa kwa aibu: huyu bado anakojoa kitandani. Nikatamani ardhi ipasuke.

"Najua," Bibi akasema. "Dada yake ameshanieleza. Kitanda changu ni cha kamba, kitakauka."

Nikamgeukia Zuhura. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Tulikuwa na muda mfupi kabla fuso halijashuka. Tulikwenda nyuma ya nyumba, na nikamwambia yote, goti, ulinzi, timu kadhaa, kwa sababu sikuweza kumwacha aondoke huku nimemsema. Zuhura alikaa juu ya jiwe. Alisema yeye alimwambia Bibi pale chemchemini, Bibi alipomfuata kumwonyesha njia. Alimwambia nakojoa, naogopa kuku, sijui kuwasha moto, na nikikosa mtu wa kulala naye nalia. Alisema alitaka Bibi amchukue Shabani, ili sisi wawili turudi mjini. Wangu mimi ulikuwa uongo mtupu. Wake yeye ulikuwa ukweli, kila neno. Sijui nani kati yetu alifanya vibaya zaidi, na hatukukaa kulipima. Tulicheka, kisha hatukucheka, kisha akanifunga vizuri kitambaa cha kichwa, ambacho hakikuwa kimelegea.

Nisiseme kwamba niliumia sana huko mlimani, nitakuwa naongopa. Nilikula machungwa mpaka midomo ikababuka. Nilijifunza kusema. Zuhura alipanda kila likizo na habari zote za ligi, na Bibi alizisikiliza kama taarifa za ukoo, akaulizia afya ya goti la kijana wa mashoto. Masanja, nilivyoambiwa, alimchekea Mjomba mwaka mzima: hata mama yake mzazi hamchagui mrefu. Lakini hayo yalikuwa bado hayajaja. Saa ile nilikuwa nimesimama na Bibi ukingoni mwa uwanja, tunawatazama wanashuka. Mjomba mbele, Shabani akifuata na chungwa kila mkono, Zuhura nyuma, na kapu la ndizi kichwani, mrefu, amenyooka.

Nilikuwa nimekaza meno nisilie. Mwendo kidogo kutoka pale tulipokuwa, bila kugeuka, Zuhura akaanza kuchechemea. Mguu wa kushoto. Mwanzoni kidogo, kisha vibaya kabisa, anauburuta kama gogo, anazama upande mmoja na kuibuka, na kapu halitikisiki kichwani. Mjomba aligeuka akamuuliza kitu, naye akamjibu kwa kuonyesha goti. Alichechemea namna hiyo njia nzima, kupita michungwa, kupita mfereji, mpaka kona ya migomba, na mimi nilicheka huku machozi yananiingia mdomoni.

Walipopotea, Bibi aliniuliza kama ni kweli kwamba zile timu nyingine zilimwogopa.

"Hapana, Bibi," nikamwambia. "Zote zilimtaka."